Fundi Asiye na Haraka ya Bisibisi

Kishale cha kompyuta kikianza kutangatanga peke yake kwenye skrini, fundi mbaya hukimbilia moja kati ya mambo mawili: kufungua mashini, au kufuta kila kitu na kuweka Windows upya. Fundi mzuri huanza kwa kuuliza maswali. Nataka kumsifu huyu wa pili, na ninamsifu nikiwa Kilembwe, sekta ya Lulenge, teritwari ya Fizi, kwa sababu huku ubora wake unaonekana wazi kuliko mjini. Mjini kosa la fundi hufichwa na wingi wa vipuri: akikata nyaya, kesho atanunua nyingine duka la jirani. Huku kipuri kinatoka Baraka, na hata Baraka kimefika kwa kuvuka Ziwa Tanganyika au kwa barabara ya Uvira. Masika yakishika, barabara ya kuteremka ziwani inageuka matope, na aliyefungua kitu asichoweza kukifunga amemsimamishia mwenzake kazi hadi gari lipite.

Na kazi ipo. Watu wa mbali wakisikia Kilembwe hufikiria dhahabu, milima na habari za vita, lakini laputopu nazo zimefika zamani. Mwalimu anayo ya buleteni za wanafunzi. Kijana wa birotiki anaishi kwayo, akipiga chapa barua za maombi na kujaza nyimbo kwenye memori kadi za wachimbaji. Muuguzi wa Eneo la Afya la Kimbi-Lulenge anajazia takwimu za kila mwezi, na hapo ndipo mtu anaelewa kwamba kishale kinachoruka si kero ndogo. Kikiruka safu moja wakati anaandika, watoto waliochanjwa surua wanahesabiwa kuwa wagonjwa wa malaria, na hakuna atakayegundua mpaka mtu wa Bukavu au Kinshasa ashangae.

Ili kuusifu ufundi huu sawasawa, inafaa kujua jinsi tachipadi inavyofanya kazi, maana wengi hudhani inahisi mgandamizo wa kidole. Haihisi. Chini ya ile plastiki laini kuna nyuzi nyembamba mno zinazokatizana wima na mlalo, na chipu inayopima chaji ya umeme mahali zinapokatizana. Mwili wa binadamu ni maji na chumvi. Kidole kikikaribia, hubadilisha kidogo chaji iliyopo pale. Badiliko hilo ni dogo ajabu, huhesabiwa kwa pikofaradi, lakini chipu inalikamata na kulifanya mwendo wa kishale. Ni kazi ya George Gerpheide, aliyebuni tachipadi ya namna hii mwaka 1988, na mwaka 1994 Apple wakaiweka kwenye PowerBook za mfululizo wa 500. Kabla ya hapo, kipanya cha kwanza cha Douglas Engelbart na mwenzake Bill English, mwaka 1964, kilikuwa kijisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili. Gurudumu likikwama, unageuza kijisanduku na kuliona. Chaji ikichanganyikiwa, huna cha kugeuza wala cha kuona. Fundi wa leo anatibu ugonjwa usioonekana, na ndiyo maana maswali yanatangulia bisibisi.

Chukua mfano wa prefe wa shule ya sekondari anayeingia kibandani na mashini yake imefungwa kwenye mfuko wa plastiki, sura imekunjamana.

"Fundi, iyi mashini iko na pepo. Ninaandikaka buleteni, mushale unakimbia wenyewe."

"Pole, Papa Prefe. Inafanyaka vile wakati iko kwa chaja, ao ata kama haiko?"

Prefe hajui. Hajawahi kuangalia. Mtu akikasirikia mashini huacha kuitazama, na kazi ya kwanza ya fundi ni kumrudisha atazame. Basi fundi anachomoa chaja, anasogeza benchi, wanakaa wote wawili. Prefe anaandika majina ya wanafunzi kwa betri peke yake, na kishale kinatii. Chaja inarudishwa, mistari haijafika mitano, kishale kimeruka juu kushoto. Mpaka hapo hakuna skurubu iliyoguswa, na nusu ya uwezekano wote imeshatupwa nje: si virusi, si Windows, wala si tachipadi iliyokufa. Ni umeme.

Huku umeme ni wa sola au wa jenereta. Pano iko juu ya bati, betri iko chini ya meza, na katikati kuna konvertisa ya bei nafuu inayogeuza volti 12 kuwa 220. Umeme wa gridi hupanda na kushuka taratibu, mara 50 kwa sekunde. Wa konvertisa rahisi hupanda wima na kushuka wima, na kwenye kila kona hiyo kali kuna vurugu nyingi za masafa ya juu. Balbu haijali. Redio inakoroma kidogo. Tachipadi, ambayo kazi yake ni kusikiliza mabadiliko madogo kuliko yote, inasikia vurugu hizo na kudhani ni vidole.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo wengi hawalioni. Waya mnene wa chaja nyingi una pini tatu, na ya tatu ni ya ardhi. Ndani ya chaja mna kapasita ndogo zinazochuja uchafu wa umeme na kuumwaga ardhini kwa njia hiyo ya tatu. Kwenye nyumba nyingi soketi ina matundu mawili tu, au lile la tatu lipo lakini halina waya nyuma yake. Uchafu unakosa pa kwenda, na mashini nzima inaelea kwenye volti zinazoweza kufika nusu ya zile za soketi. Mkondo wenyewe ni mdogo, chini ya miliampea moja kwa chaja nzima, lakini ndio ule unaowasha ngozi ukipitisha mgongo wa mkono juu ya mfuniko wa chuma. Kila mwenye mashini huku anaujua mwasho huo. Wachache wanaujumlisha na kishale kinachoruka.

Fundi anaujumlisha, na namna anavyouthibitisha ndiyo iliyonifanya niandike haya. Anamwomba Prefe avue kandambili akanyage sakafu ya udongo, kisha aandike. Kishale kinapagawa. Anamwomba apandishe miguu juu ya ubao wa benchi. Kinatulia kiasi. Mwishowe anamwambia ashike kwa mkono wa kushoto chuma cha tundu la USB, na wa kulia uendelee kwenye tachipadi. Kimetulia kabisa. Sababu ni kwamba mwili wa mwenye miguu ardhini uko upande wa ardhi, mashini iko upande wake inaelea, na kila kidole kikigusa tachipadi, tofauti ya pande hizo mbili inapita hapo hapo. Mkono ukishika chuma, mtu na mashini wanaelea pamoja, tofauti inakwisha. Hakuna kipimo cha bei kilichotumika. Miguu ya mteja imetosha. Mimi nimeona watu wenye diploma wakibadilisha tachipadi nzima kwa hitilafu hii, na mpya nayo ikaruka vilevile. Paa linalovuja halitibiwi kwa kupangusa sakafu, unapanda juu kutafuta bati lililotoboka.

Si kila kishale kinachotangatanga kina ugonjwa huu, na hapo ndipo fundi wa kukariri huanguka. Kikiruka hata kwa betri, anatazama mkono: jasho, mafuta ya mandazi, au kiganja kinacholala juu ya tachipadi wakati wa kuandika. Kitambaa kikavu na kupunguza wepesi wa tachipadi kwenye mipangilio vinamaliza. Kikiteleza polepole upande mmoja bila kuruka, na mashini ni ThinkPad kuukuu yenye kile kidude chekundu katikati ya kibodi, kazi ya Ted Selker wa IBM iliyotoka na ThinkPad 700C mwaka 1992, dawa ni ya ajabu: usikiguse. Kidude hicho hupima msukumo, na joto hukibadilishia hesabu. Kikiachwa sekunde chache hujipima upya chenyewe. Mwenye hasira hukisukuma kinyume ili akirudishe, na kwa kukisukuma hivyo anakifundisha kwamba msukumo ule ndio utulivu. Nimewahi kuona mtu akipigana nacho hivyo mpaka mashini ikarushwa kitandani.

Ipo hali moja ambayo fundi hacheki nayo. Betri za siku hizi ni bapa, na kwenye mashini nyingi nyembamba hulazwa chini ya tachipadi au karibu nayo. Mashini iliyoachwa kwenye chaja mchana kutwa, ndani ya chumba cha bati, miaka ikipita, betri yake hutoa gesi na kuvimba. Inaisukuma tachipadi kutoka chini, kishale kinaruka, kubofya kunakuwa kugumu. Fundi analaza rula juu ya tachipadi na kuitazama kwa usawa wa jicho. Rula ikiyumba, anazima, anachomoa chaja, na hapo tu ndipo anatoa bisibisi, kwa mkono mwepesi, maana betri hiyo ikitobolewa inaweza kuwaka moto. Mteja akiomba aichome sindano itoe hewa, kama wengine wanavyoshauriana, anakataa hata kwa pesa.

Na kama yote hayo siyo? Kuna flashi yenye Linux mfukoni. Mashini inawashwa kwa flashi hiyo bila kugusa Windows. Kishale kikitulia, kosa liko kwenye programu, na sasa kufuta kunaweza kuzungumzwa. Kikiruka bado, kosa liko kwenye vyuma: utepe mwembamba unaounganisha tachipadi na bodi umelegea, au unyevu umeingia. Jambo moja linabadilishwa kwa wakati mmoja, mengine yanabaki yalivyo. Kanuni hii haina siri, ila inataka mtu anayevumilia kukaa bila kufanya kitu huku mteja akimtazama.

Ugumu wake wa kweli hauko kwenye nyaya, uko kwenye malipo. Fundi aliyefungua mashini na kumwaga skurubu mezani anaonekana amefanya kazi, analipwa bila mjadala. Aliyeuliza maswali na kumvua mtu kandambili anaonekana amepiga soga. Kwa Papa Prefe dawa ilikuwa nondo fupi iliyopigiliwa nyuma ya nyumba mahali penye unyevu, waya mmoja kutoka kwenye nondo hadi pini ya tatu ya soketi, bila kugusa nyaya mbili za umeme, na waya mzima wa pini tatu kwenye chaja badala ya ule uliokatwa kichwa. Kishale kimekaa. Swali likaja lile lile la siku zote: nondo na waya ni bei gani? Fundi akataja bei ya nondo na waya, vitu vinavyojulikana sokoni. Kisha akataja, peke yake, bei ya alasiri yake.

"Ya kukaa tu pa benchi?"

"Ya kukaa pa benchi, Papa."

Wakavutana kidogo. Prefe alilipa nondo na waya papo hapo, ya benchi akaahidi mshahara ukifika, na fundi akaliandika deni kwenye daftari mbele yake, akamwonyesha alisome, akampa kalamu aweke saini.