Hakikubaki Kitu

Madaftari ya Bibi yalikuwa matano, yale ya shule yenye jedwali la kuzidisha nyuma ya kava, yamefungwa pamoja kwa utepe wa khanga iliyochanika. Alipofariki, wenzangu waligawana vyombo na mikeka, mimi nikaomba madaftari. Nilijua humo ndimo alimoandika mambo ya jiko, na kwa miaka mingi nilikuwa nikiusaka mchuzi wake wa pweza bila kuupata. Nikayafungua nikiwa ndani ya mashua, natoka Msangamkuu kurudi Mtwara mjini, kidole kimebana kurasa zisipeperuke. Mchuzi haukuwemo. Kulikuwa na hivi:

Ijumaa. Bamvu. Pweza 2. Nazi 2. Watu 7. Hakikubaki.

Jumatatu. Kunde. Nazi 1. Watu 6. Kimebaki.

Alhamisi. Maji mafu. Dagaa wakavu. Watu 6. Kimebaki kidogo.

Hivyo hivyo, wiki baada ya wiki, kuanzia 1976, kwa herufi kubwa za mtu aliyeshika kalamu mkono ukiwa umeshazoea mchi. Hakuna vijiko, hakuna dakika, hakuna "katakata kitunguu". Nilikasirika kidogo, nakiri. Nikayatia kabatini na yakakaa huko miaka miwili.

Bibi alijifunza kusoma kwenye kisomo. Serikali ilikuwa imeutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, kisha ikajiwekea lengo kwamba ifikapo mwisho wa 1975 kila mtu mzima awe anajua kusoma na kuandika. Yeye aliingia darasani jioni, chini ya mwembe, akiwa na zaidi ya miaka arobaini na mtoto mgongoni. Mwaka huohuo wa 1975 ikaja kampeni ya Chakula ni Uhai: watu wanakaa vikundi kuizunguka redio, wanasikiliza kipindi, wanasoma kitabu, wanajadiliana mwili unahitaji nini. Bibi aliipenda kampeni ile na alizoea kuisimulia. Ila alikuwa na dukuduku moja. "Walitufundisha kunde zina faida," aliniambia. "Hawakutufundisha mtu aliyekula kunde Jumatatu utampaje kunde Jumatano na asinune."

Nilipoyatoa tena madaftari kabatini, sentensi hiyo ndiyo iliyonifumbua macho. Nilikuwa nimetafuta mapishi kwa mtu ambaye mapishi hayakuwa tatizo lake. Mpishi wa shughuli, yule anayeitwa kwenye harusi na masufuria yake makubwa, anapika pilau leo Mikindani na kesho Naliendele. Walaji wake ni wapya kila siku na wamekuja na njaa ya sherehe. Mpishi wa nyumbani ana walaji walewale, midomo ileile, mwaka mzima, na vitu sita au saba vya kuzungusha. Sifa ya mpishi wa shughuli hutolewa papo hapo, kwa vigelegele. Ya mpishi wa nyumbani ni sufuria inayorudi ikiwa imekwanguliwa, na kesho yake anaanza upya na kunde zilezile. Mimi naiona kazi hii kuwa ngumu kuliko ile, na sijawahi kuona mtu akitunzwa kwa ajili yake.

Wiki ya Bibi haikuanza Jumatatu wala Ijumaa. Ilianza mwezini. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji huwa bamvu: bahari hujaa sana na kupwa sana, na pwani yetu maji hutoka asubuhi, jua likishapanda, mwamba unabaki wazi hadi mbali. Hapo wanawake hutembea na kijiti chenye ncha wakichungulia matundu. Pweza hujenga mlango wa vijiwe na makombe mbele ya tundu lake, na anayejua kusoma mlango huo hapotezi muda kuchokoa matundu matupu. Siku saba baadaye maji ni mafu, hayaendi mbali wala hayaji karibu, mwamba haufunuki, na mpishi anageukia ghala. Neno "Bamvu" kwenye daftari halikuwa habari ya bahari. Lilikuwa orodha ya manunuzi.

Basi pweza. Nimepika wangapi hata nikaacha kuhesabu, na sasa naweza kusema walau nilipokuwa nakosea. Anapigwa kwanza juu ya jiwe, si kwa hasira, kwa mpangilio, mkia mmoja baada ya mwingine hadi ulegee, huku anasuguliwa utelezi utoke povu. Kisha anaingia chunguni mkavu. Hapa ndipo nilipopotea miaka yote ile: nilikuwa natia maji. Pweza ana maji yake. Ukimfunika kwa kibia na kumwekea moto mdogo, baada ya muda utasikia chungu kinaanza kunong'ona, na ukifunua utamkuta amejikunja ndani ya mchuzi wa rangi ya zambarau iliyokolea ambao hukuutia wewe. Unamwacha aunywe mwenyewe hadi uishe. Chumvi bado. Bibi aliamini chumvi ya mapema humkaza, na mimi sijathubutu kumbishia. Unachoma kwa mwiba pale mkia ulipo mnene. Mwiba ukipita bila kubishana, unakata vipande.

Halafu ndiyo nazi, na nazi ina adabu yake. Tui la pili, lile jepesi, linatangulia na nyanya, kitunguu, manjano na pilipili, linachemka litakavyo. Tui la kwanza, zito, linaingia mwisho, na tangu linapoingia hutoki jikoni. Unachota kwa upawa na kumimina, unachota na kumimina, mpaka lichemke kidogo tu pembezoni, basi unaepua. Ukiliachia litakatika: mafuta juu, maji chini, vipande vyeupe kama maziwa yaliyochacha. Mwaka jana lilinikatikia mbele ya wageni kwa sababu ya simu iliyolia. Walikula kwa heshima. Kilibaki.

Nilimuuliza Bibi siku moja nazi ngapi kwa pweza mmoja. Alinitazama kama niliyeuliza maneno mangapi kwa mgeni mmoja. "Ukamue kwanza uone nazi yenyewe imesema nini." Alikamulia kifumbu cha ukindu, kirefu na chembamba, ambacho unakisokota kwa mikono miwili mpaka machicha yalie. Mimi nilikuwa na chujio la plastiki la dukani. Lilichuja, halikukamua, na kila nazi yangu ilitoa tui pungufu. Nimejaribu mara kadhaa kununua kifumbu sokoni na mwishowe nikapata kimoja, ambacho sasa ndicho chombo ninachokipenda kupita vyote nyumbani, na ambacho hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kukiosha.

Maji yakifa, ghala linafunguliwa, na hapa ndipo Kusini yetu inapoonesha utajiri ambao watu wa kuja huudharau. Kuna makopa, muhogo uliokaushwa juani, unaotwangwa unga wa ugali wenye kunata ambao ukimkuta dagaa wa nazi hautamani wali. Kuna mbaazi. Kuna ming'oko, viazi vyembamba vya porini vinavyochimbwa kiangazi, vikichemshwa na chumvi na kuuzwa kwenye mabakuli. Unavimenya kwa kucha huku unaongea, ni chakula cha barazani kuliko cha mezani. Wapo wanaoiita ming'oko chakula cha njaa. Kwenye daftari la Bibi inaonekana miaka ya neema na miaka ya shida sawasawa, na karibu kila mara haikubaki.

Na kuna korosho. Kuanzia Oktoba mji mzima wa Mtwara unazungumza bei: mnada umefunguliwa kwa ngapi, ghala gani limejaa, fulani kalipwa, fulani bado. Jikoni habari ni nyingine. Korosho inabanguliwa kwa subira, kwa sababu ganda lake lina mafuta yanayobabua ngozi. Ukizikaanga kwenye bati lililotobolewa hushika moto zenyewe, moshi mweusi, unazimwagia mchanga, unazigonga moja moja. Nzima zilikwenda kuuzwa. Zilizovunjika zilikwenda kinuni, zikawa unga mzito wa kutia kwenye kisamvu badala ya karanga. Nikiambiwa nichague chakula kimoja cha wiki, nitachagua hicho, kisamvu cha korosho zilizovunjika, na nitawaachia wenye hoteli zile nzima.

Karanga zenyewe nazitaja kwa tabasamu. Bandari yetu na reli iliyokwenda Nachingwea vilijengwa na Waingereza kwa ajili ya Mpango wa Karanga, uliotarajiwa kulisha Uingereza mafuta baada ya Vita Kuu ya Pili. Mpango ulifutwa 1951, reli ikang'olewa baadaye, bandari ikabaki. Wanawake wa huku waliendelea kupanda vipande vyao vidogo vya karanga na kuzitwanga.

Kusoma kwa Bibi kulikuwa kwa vifungashio. Gazeti la Uhuru lilimfikia likiwa limefunga sukari, bizari au misumari ya babu, na yeye alilinyoosha juu ya goti, akalikausha, akalisoma lote, likiwamo tangazo la tenda. Kwa hiyo alijua mambo ya dunia kwa nusu nusu: mkutano aliouona ukianza hakuuona ukiisha, maana upande wa pili ulikuwa umechanika. Hakuona taabu. Aliumalizia mwenyewe, na wajukuu tulikua tukiamini mambo kadhaa ya siasa ambayo hayakutokea kabisa. Mimi nasoma vitabu vizima, kimojawapo wiki hii ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah kwa Kiswahili cha Ida Hadjivayanis, na ukurasa mmoja tayari una doa la tui. Nimeamua doa hilo si uharibifu.

Nirudi kwenye madaftari, kwa sababu kuna jambo nilichelewa kuliona. Mwanzoni nilidhani neno "Hakikubaki" ni sifa tu. Nikafika kurasa za miaka ya themanini mwanzoni, ile miaka ya foleni na maduka matupu, ambapo hata sabuni ilikuwa ya kupangia mstari. Inaonekana yanga, unga wa mahindi ya njano kutoka Marekani, uliopewa jina hilo kwa rangi ya jezi za timu ya Yanga. Bibi ameandika: "Yanga. Mchicha. Watu 9. Hakikubaki. Njaa." Wiki iliyofuata: "Yanga. Dagaa. Watu 9. Hakikubaki. Njaa." Kisha siku moja, katikati ya shida ileile: "Yanga. Pweza mdogo. Nazi nusu. Watu 9. Hakikubaki. Tamu."

Kumbe alikuwa akitenganisha. Sufuria tupu haikumdanganya. Alijua walaji wake wamemaliza kwa sababu hawana budi au kwa sababu wamefurahi, na hakujipa sifa isiyo yake hata kwenye daftari ambalo hakutarajia mtu alisome. Sijui wahakiki wangapi wa vitabu wanaoweza kusema hivyo juu ya kazi zao wenyewe. Kuanzia hapo nilirudi mwanzo, nikasoma upya, na kila "Hakikubaki" nikaipima.

Kuna kurasa nyingine za namna hiyo. Kurasa za masika kadhaa zina maneno "Magari hayajafika. Kitunguu hakuna", za enzi kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa Rufiji 2003, mvua ilipokuwa ikitukata na Dar es Salaam kwa wiki nyingi. Alipika bila kitunguu na kilibaki kidogo tu. Na kuna huu wa miaka ya tisini: "Changu wa baruti. Nazi 1. Watu 6. Kimebaki chote." Samaki aliyevuliwa kwa baruti mpishi anamjua mkono ukimgusa. Uti umevunjika ndani, damu imevilia kwenye nyama, na akiingia kwenye tui anasambaratika kabla ya kuiva, unabaki na miiba kwenye uji. Mwaka 2000 ilitangazwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, na watu wameandika mengi kuhusu matumbawe na baruti. Ushahidi wa Bibi ulikuwa mistari hiyo, na nazi moja iliyopotea, ambayo naona ndiyo iliyomuuma zaidi.

Daftari la tano halikujaa. Idadi ya watu inapungua kurasa zinavyokwenda: 6, 4, 3. Watoto walihamia mjini, babu akatangulia, mimi nikiwa mmoja wa waliokuwa wakisema "nitakuja Jumamosi". Nazi zinakuwa moja, kisha nusu. Mpaka mwisho anaandika bamvu na maji mafu ingawa miguu ilikuwa haimfikishi tena mwambani. Pweza alimnunua kwa wasichana waliopita mlangoni, na bei ameiandika pembeni na alama ya mshangao.

Ukurasa wa mwisho wenye maandishi una siku moja tu. Herufi zimelala upande.

Jumamosi. Bamvu. Pweza mdogo. Nazi nusu. Mtu 1. Kimebaki. Nimepeleka kwa jirani. Sahani imerudi na ming'oko.