Uhakiki wa Dhana ya Usafi katika Skripti za Kufuta Mafaili ya Kompyuta za Pamoja: Mafunzo kutoka Laetoli, Ngorongoro

Skripti ni matini. Ina msamiati, sarufi na mtazamo wa aliyeiandika. Hivyo yaweza kuhakikiwa kama matini nyingine yoyote. Uhakiki huu unachunguza skripti za kusafisha mafaili ya watumiaji katika maabara za kompyuta, kwa kuzingatia mazingira ya shule na vyuo vya Karatu na Ngorongoro, ambako mwanafunzi asiye na kompyuta yake huiacha kazi yake kwenye mashine inayotumiwa na wengi.

Tatizo la kwanza limo katika kitenzi kusafisha. Anayefagia ua huona anachokizoa, skripti haioni. Hupima umri tu, kisha huuchukulia umri kuwa ushahidi wa utakataka. Aghalabu umri huo huhesabiwa tangu faili lilipobadilishwa mara ya mwisho. Kwa kipimo hicho, jedwali linalosomwa kila siku bila kubadilishwa huonekana kuukuu, ilhali rasimu isiyo na maana iliyoguswa jana huonekana changa. Vilevile, kanuni ya siku 30 yaweza kufuta kazi iliyoachwa kabla ya likizo ya Desemba, mwenyewe akiwa bado nyumbani.

Tatizo la pili ni sarufi ya amri yenyewe. Desemba 2021, katika Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, skripti iliyokusudiwa kufuta kumbukumbu za mfumo zenye umri wa zaidi ya siku 10 ilifuta takribani mafaili milioni 34 ya watafiti, yenye ukubwa wa terabaiti 77 hivi. Vikundi 14 viliathirika, na data za vikundi 4 hazikuweza kurejeshwa. Toleo jipya la skripti liliwekwa juu ya lile la zamani wakati la zamani likiendelea kufanya kazi. Kigeu kilichopaswa kubeba jina la folda kikawa kitupu, na amri ikaelekea kwenye mafaili ya watafiti. Nia ilikuwa njema. Kilichokosekana ni ukaguzi wa kipengele kimoja.

Ngorongoro ina kisa cha aina hiyo. Nyayo za Laetoli, zenye umri wa takribani miaka milioni 3.6, zilifukuliwa na kundi la Mary Leakey mwaka 1978 na 1979, kisha zikafukiwa ili zihifadhiwe. Mchanga uliotumika ulikuwa na mbegu za migunga. Miti ikaota, mizizi ikatishia tabaka lenye nyayo, na katika miaka ya 1990 Idara ya Mambo ya Kale na Taasisi ya Getty zikalazimika kuzifukua na kuzifukia upya. Hata hivyo, tofauti ya visa hivi ndiyo yenye uzito: Laetoli kosa liliweza kusahihishwa kwa sababu nyayo zilifunikwa, hazikufutwa.

Haifuati kwamba mafaili yaachwe milele. Diski hujaa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haitaki taarifa za mtu zihifadhiwe kupita haja yake. Barua ya maombi ya mkopo iliyosahaulika kwenye mashine ya pamoja ni hatari kwa aliyeiandika. Usafi, basi, ni wajibu; linalohojiwa ni utaratibu wake.

Kutokana na mjadala huu, skripti inayofaa maabara ya pamoja iwe na hatua nne: iorodheshe mafaili kabla ya kuyagusa, isimame papo hapo endapo jina la folda ni tupu, iyahamishie kwenye folda ya kungojea badala ya kuyafuta, na itangaze tarehe ya kufuta inayovuka likizo. Hatua ya tatu ndiyo muhimu zaidi, kwa kuwa ndiyo pekee inayompa mwanafunzi muda wa kurudi na kuidai kazi yake.