Pulizia Sifongo Kwanza: Namna ya Kuchagua Kijazio Nafuu cha Kichujio cha Samaki

Ukiingia duka la samaki wa mapambo utaonyeshwa pete ndogo za kauri zilizofungwa kwenye wavu, na juu ya boksi pameandikwa kwamba lita moja ya pete hizo ina eneo la mamia ya mita za mraba. Huenda ni kweli. Ila hesabu hiyo imejumlisha hata vitundu ambavyo bakteria hapenyi na maji hayafiki. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mjuzi wa vijazio, yaani vitu vinavyowekwa ndani ya kichujio ili bakteria wapate makazi, hasomi boksi. Anakipapasa kijazio, anakipulizia, anakitia siki, kisha anajiuliza: baada ya miezi mitatu, maji yatakuwa bado yanapita humu kwa wepesi?

Sababu ni hii. Samaki hutoa amonia, sehemu kubwa kupitia matamvua yake, na mabaki ya chakula yakioza huongeza nyingine. Kundi la kwanza la bakteria, wakiwemo Nitrosomonas, huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili, hasa Nitrospira katika matangi yasiyo ya maji chumvi, huigeuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo unaipunguza kwa kubadilisha maji. Kazi yote hii inakula oksijeni: kila gramu moja ya nitrojeni iliyomo kwenye amonia inataka takriban gramu 4.6 za oksijeni. Nayo maji yenye joto la nyuzi 28, la kawaida kabisa Dar es Salaam au Mombasa, hayawezi kubeba zaidi ya miligramu 8 hivi za oksijeni kwa lita. Bakteria aliyejificha katikati ya jiwe, mahali maji yamesimama, hana pumzi ya kufanyia kazi. Eneo lake lipo kwenye boksi tu.

Kwa hiyo kijazio kipimwe kwa mambo manne: maji yapite bila kusukumana, kisioze wala kutoa kemikali, kioshwe kwa urahisi, na kisibadilishe maji bila wewe kutaka.

Sifongo

Kwa mfuko mdogo, hakuna kinachoishinda. Watengenezaji hupima sifongo kwa idadi ya matundu katika inchi moja: 20 ni ya matundu makubwa, 30 ya wastani, 45 ya matundu madogo. Kwa makazi ya bakteria chukua 20 au 30. Ile ya 45 hukamata vumbi vizuri, lakini huziba upesi na kukutwisha kazi ya kuosha kila mara.

Wengi hununua vipande vinavyobaki kwa mafundi wa magodoro, na hapa ndipo jicho linapohitajika. Kata kipande chenye unene wa vidole viwili, kibane mdomoni, puliza. Sifongo ya kichujio hupitisha pumzi bila ubishi. Ya godoro inakuvimbisha mashavu. Kisha inyanyue kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona baina ya tundu na tundu vingozi vyembamba vinavyong’aa kama utando wa povu la sabuni, ujue vyumba vyake havikufunguliwa kiwandani. Maji yatazunguka nje yake na ndani patabaki pakavu au patanuka. Mwisho iminye ngumini na kuiachia: irudie umbo lake mara moja. Inayobaki imebonyea itajikunja kwenye mkondo wa pampu. Ya kuoshea vyombo iliyoandikwa kwamba inaua vijidudu usiiguse, kwani hao vijidudu ndio unaowatafutia nyumba.

Mawe ya volkano

Nchi zetu zimejaliwa hapa. Mawe mepesi yenye matundu hupatikana kuzunguka Longonot na Naivasha, na kokoto nyekundu za volkano zipo tele pande za Meru na Kilimanjaro. Lile jiwe la kusugulia miguu sokoni ni ndugu yao. Chagua mawe ya ukubwa wa kidole gumba hadi yai la kuku. Madogo zaidi hushikana na kuzuia maji. Makubwa zaidi yanakula nafasi bure.

Jiwe zuri ukilikwaruza kwa kucha halitoi unga, na ukiyagonganisha mawili hayamomonyoki. Yaoshe mpaka maji yatoke meupe, yachemshe, yaache usiku kucha kwenye ndoo: yale mepesi huelea mwanzoni, yakishanyonya maji huzama. Ubaya wake ni kwamba tope likishaingia matunduni, kulitoa ni shida. Yaweke nyuma ya sifongo, maji yayafikie yakiwa yameshachujwa.

Usisahau siki. Dondoshea matone juu ya jiwe kavu. Likitoa vipovu lina chokaa, nalo litapandisha ugumu na pH ya maji. Kwa mfugaji wa samaki wa Ziwa Tanganyika, lenye pH ya karibu 9, au wa Ziwa Nyasa, hiyo ni neema. Kwa mwenye samaki wa Amazon ni balaa. Na huyo wa Tanganyika asilale: katika nyuzi 25, maji ya pH 7 hubeba chini ya asilimia 1 ya amonia katika hali yake ya sumu, pH 8 ni kama asilimia 5, pH 9 hupita theluthi. Kadiri pH ya maji inavyopanda, ndivyo kijazio kibovu kinavyoua haraka. Ukihitaji chokaa, nunua kokoto za machimbo ya nchi kavu. Matumbawe yaache baharini.

Dodoki la plastiki

Lile la nyuzi za plastiki, la kusugulia masufuria, ni kijazio cha heshima kuliko sura yake. Eneo lake ni dogo kuliko la sifongo, ila karibu lote linafikiwa na maji, haliozi, na linaoshwa kwa kutikiswa. Hakikisha halina sabuni ndani na halina uzi wa chuma: pitisha sumaku, kisha livute kuona kama rangi inabaki mikononi. Linafaa sana kwenye kichujio cha kudondosha maji, kwa sababu hewa hupita humo pamoja na maji.

Dodoki la asili, la mmea unaotambaa, ni hadithi nyingine. Linapendeza, lakini linaoza, na kuoza kwenyewe kunakula ile oksijeni tuliyoihesabu. Vizibo vya soda vya chuma vinashika kutu. Mkaa wa jikoni unamomonyoka na kujaza tangi vumbi jeusi.

Na zile pete za kauri?

Si mbaya. Bora hunyonya tone la maji mara moja ukilidondosha juu yake. Ile ambayo tone linateleza imepakwa au imechomwa mno, na haina tofauti na kipande cha kigae. Nunua ukiwa na pesa ya ziada. Tangi la nyumbani lenye samaki wa kiasi halizidiwi na ukosefu wa eneo. Linazidiwa na tope.

Umeme ukikatika

Kipimo hiki hakiandikwi kwenye boksi lolote. Kichujio kilichofungwa kama mtungi, umeme ukikatika kwa saa kadhaa, bakteria wake humaliza oksijeni iliyomo na kuanza kufa. Ukirudi, pampu inasukuma maji hayo machafu moja kwa moja kwa samaki, kwa hiyo yamwage kwanza. Sifongo iliyokaa ndani ya tangi wazi hustahimili zaidi. Panapokatika umeme mara kwa mara, sababu hii peke yake inatosha kukuamulia.

Hukumu ya mwisho

Bakteria hawa huongezeka polepole, kwa hiyo wape wiki 4 hadi 6 kabla ya kujaza samaki. Baada ya hapo, amonia na nitriti zote zisome sifuri siku ya kawaida ya kulisha. Pima pia mkondo: kinga maji ya kichujio kipya kwenye jagi la lita moja, andika sekunde, rudia kila mwezi. Muda ukiongezeka maradufu, osha kijazio ndani ya ndoo ya maji ya tangi, nusu leo na nusu wiki ijayo. Klorini ya bomba itawaua wenyeji. Kijazio kinachokutaka ukioshe kila wiki kimeshindwa mtihani, hata kama kiliuzwa kwa bei ya dhahabu.

Mwenye kuanza anunue sifongo moja ya matundu 30 iliyofaulu kupulizwa, aongeze mawe ya volkano nyuma yake nafasi ikiruhusu. Pesa inayobaki anunulie kipimo cha amonia.