Mikono ya MacGyver

Maabara iko chini ya ardhi. Watu wamenaswa ndani, na asidi ya salfuriki inavuja kutoka kwenye tangi lililopasuka. Jamaa mmoja anapapasa mifuko yake, anatoa chokoleti, anaimega na kuishindilia kwenye ufa. Kamera haimwachi. Sauti yake mwenyewe, tulivu, inatueleza kwamba sukari ikikutana na asidi ile hugeuka kaboni na utomvu mzito, na kweli tunauona utomvu ukiziba. Ndivyo MacGyver, shujaa wa kipindi cha televisheni chenye jina lake, alivyojitambulisha kwa watazamaji wa Marekani tarehe 29 Septemba 1985, na ndivyo ninavyopenda kumkumbuka.

Sifa hupewa Richard Dean Anderson, aliyemwigiza, na anazistahili. Mimi leo nataka kuwasifu wale ambao majina yao yalipita mbio mwishoni kwa maandishi madogo, wakati sisi tumeshainuka kutafuta viatu vyetu mlangoni. Waandishi walijitwika sharti gumu: mtu hana bunduki, mlango umefungwa, chumbani mna nini? Walikuwako washauri wa sayansi, akiwamo John Koivula, mtaalamu wa vito, wa kuhakikisha kwamba jambo lina msingi. Na pale mchanganyiko ulipokuwa wa hatari kweli, kiungo kimoja kiliachwa makusudi ili mtoto wa watu asije akailipua nyumba. Nimeutafakari sana uungwana huo. Walimheshimu mtoto wakamweleza ukweli, tena wakamwonea huruma wasimweleze wote.

Lakini kilele cha ufundi wao hakikuwa mlipuko. Kilikuwa dakika ile kabla ya mikono kuanza kazi. MacGyver anasimama katikati ya ghala au chumba cha mateka, anageuza kichwa taratibu, na kamera inafuata macho yake: bomba lenye kutu, chupa ya dawa ya kusafishia, waya, beseni. Hakuna anayesema. Kila kitu kinaonyeshwa kwa muda wa kutosha ili nawe uanze kukisia. Kisha kisu kile cha Uswisi kinafunguliwa, selotepu pana inachanwa, na unaona vidole, kucha, jasho. Mara nyingine kifaa kinagoma na inabidi aanze upya. Mhariri wa picha aliyeuacha ukimya ule bila kuukata alikuwa fundi wa haja, kwa sababu kishawishi cha kukata kipo kila sekunde.

Mtaani kwetu televisheni ilikuwa moja, ya jirani, na sisi watoto tulijazana sakafuni mbele ya miguu ya wakubwa. Ukimya ule ndio uliotupa nafasi ya kubishana. Mmoja anasema atatumia waya, mwingine anaapa ni chupa, na mwenye nyumba anatutishia kutufukuza wote. Tulikuwa tunafikiri pamoja na mtu aliye kwenye kioo, jambo ambalo sijaliona tena kwenye sebule nyingi. Siku zilizofuata redio za wazee zilifunguliwa kwa visu vya jikoni. Chache zilifungwa tena zikaimba.

MacGyver hakuipenda bunduki, na hadithi ilitupa sababu: utotoni rafiki yake aliuawa na risasi iliyofyatuka kwa bahati mbaya. Tazama pia waandishi walivyomtendea mwigizaji Dana Elcar, aliyecheza Pete Thornton, bosi na rafiki wa MacGyver. Elcar alianza kupoteza uwezo wa kuona kwa sababu ya presha ya macho. Wangeweza kumwondoa kimya kimya, nani angeuliza? Badala yake waliuandika ugonjwa ndani ya hadithi, na Pete akaendelea na kazi huku akipofuka mbele yetu. Hiyo ni heshima ya watu wanaojua kwamba kipindi hutengenezwa na binadamu.

Kisha ikaja 2016. Watu wa kituo cha televisheni cha CBS walitaka kumfufua MacGyver, wakapiga sehemu ya kwanza, hawakuridhika, wakaitupa na kuanza tena na mwongozaji mwingine, James Wan. Huenda ile ilikuwa dalili. Tarehe 23 Septemba mwaka huo tukaletewa kijana nadhifu, Lucas Till, aliyezungukwa na kikosi kizima, na ndani ya kikosi mna mdukuzi wa kompyuta wa kufungua kila kilichofungwa. Jack Dalton, ambaye zamani alikuwa rubani mjanja ambaye jicho lake lilimchezacheza kila alipodanganya, sasa ni askari mwenye bastola. Pale panapotakiwa akili, risasi inafika kwanza. Vifaa vinaandikwa majina kwenye kioo, herufi zinapita, kitu kimeshatengenezwa, gari linafukuzana na gari. Ajabu ni kwamba karibu sehemu zote za msimu wa kwanza zilipewa majina ya vifaa: msumeno, koleo, kijiti cha meno. Vifaa vilipanda kwenye majina ya sehemu vikatoweka mikononi.

Si MacGyver peke yake. Knight Rider ya miaka ya 1982 hadi 1986 ilifufuliwa 2008, gari KITT likabadilishwa kutoka Pontiac kuwa Ford Mustang, na msimu mmoja ukatosha kuizika. Gari lilikuwa jipya. Ule utani wa polepole baina ya dereva na gari lake ndio uliokosekana, na huo haununuliwi dukani.

Nisiwaonee. MacGyver mpya alidumu misimu mitano, sehemu 94, hadi Aprili 2021, kwa hiyo wapo waliompenda, na Till si mwigizaji mbaya. Najua pia kwamba matangazo ya biashara yameng'ata muda: kipindi cha saa moja kilichokuwa na takriban dakika 48 za hadithi sasa kina kama 42. Dakika sita ndizo zilizotosha MacGyver wa zamani kukitazama chumba. Ila sikubali kwamba muda ndio kisa chote. Mwenye kununua jina kwa sababu linajulikana hana haraka ya kujua kwa nini lilijulikana. Anafufua nywele, kisu na muziki wa ufunguzi, halafu anashangaa watu wa makamo wakilalamika.

Nayasema haya kwa sababu maneno ya kufufua vipindi vya zamani husikika huku kwetu Kenya pia. Vitimbi na Vioja Mahakamani vya KBC vinatajwa kwa hamu kila anapokumbukwa mwigizaji Benson Wanjau, Mzee Ojwang' wetu, aliyefariki 2015. Atakayeishika kazi hiyo, tafadhali, asianze na kofia wala miwani ya mzee. Akae kwanza azitazame kanda za zamani, ahesabu ni mara ngapi Ojwang' alinyamaza kabla ya kumjibu Mama Kayai, mkewe katika Vitimbi, na kama hana nafasi ya ukimya huo katika kipindi chake, atunge kingine na akipe jina jipya.