Namba Moja ya Görtler

Makala ya Henry Görtler ya mwaka 1940, iliyochapwa Göttingen, ni ya maandishi yale yanayotajwa kila mara na kusomwa kwa nadra. Inahusu utando mwembamba wa hewa unaoambatana na ukuta, ambao Ludwig Prandtl aliueleza mwaka 1904. Görtler aliuliza: utando huo, ukiwa bado tulivu, utafanya nini ukuta ukipinda?

Jibu lake ni zuri, nami sichoki kulirudia. Juu ya ukuta uliobinuka, kama mgongo wa chungu, hewa yenye kasi iko nje na ya polepole iko ndani. Kila moja imekaa mahali pake. Lakini ndani ya mbonyeo, kama ndani ya bakuli, mambo hugeuka. Yenye kasi hutupwa kuelekea ukutani, ya polepole husukumwa itoke, na katika kupishana huko huzaliwa misokoto midogo, jozi kwa jozi, kila mmoja ukizunguka kinyume cha jirani yake, yote ikilala kufuata njia ya mkondo. Taylor alikwisha kuonyesha jambo la namna hii mwaka 1923, katika maji yaliyo kati ya mitungi miwili. Görtler aliliona hata pasipo na mtungi.

Hata hivyo, ili hesabu ikubali, aliuchukulia utando kana kwamba unene wake haubadiliki. Kumbe utando hunenepa kadiri unavyosonga mbele. Kwa kurahisisha huko akapata mpaka mmoja: chini yake utulivu, juu yake misokoto. Waliorudia hesabu hawakukubaliana mpaka uko wapi. Mwaka 1983 Philip Hall akaonyesha sababu: isipokuwa kwa misokoto myembamba sana, mpaka mmoja haupo. Yote hutegemea usumbufu uliingia wapi, na kwa sura gani.

Simlaumu Görtler, mwaka 1940 nani alikuwa na kompyuta? Nalaumu mazoea ya kuiambaa namba kwa kuwa ni moja na inashikika. Panga la turbini lina upande uliobonyea, na huko misokoto hii huongeza joto linaloingia kwenye chuma. Mhandisi aliyepewa namba tu hulala usingizi. Aliyemsoma Hall ataamka akapime hewa inayoingia, na kupapasa ukingo wa mbele wa panga akitafuta mikwaruzo.