Tundu la Senti Kumi

Kwenye kikundi kimoja cha WhatsApp cha wakazi wa mtaa wa Fedha, Nairobi, senti kumi ya mwaka 1936 imesifiwa wiki nzima. Inang'aa kama kijiko cha harusi, na mwenyewe anaiuza kwa elfu kumi. Ni adimu, anasema, kwa kuwa mfalme aliyeandikwa juu yake hakumaliza mwaka. Majirani wanamwaga pongezi. Mkusanyaji wa sarafu akiiona picha ile hukunja uso.

Habari ya mfalme ni kweli. Edward wa Nane alirithi kiti Januari 1936 akakiacha Desemba, hata kutawazwa hajatawazwa. Ila ndururu na senti kumi za Afrika Mashariki, kwa sababu ya tundu la katikati, hazikuwa na kichwa cha mfalme: taji na jina tu, na upande wa pili pembe za ndovu. Viwanda havikuwa na picha ya kungojea. Vikapiga mamilioni. Siku za mfalme zilikuwa chache, senti zake zikajaa makopo ya bibi zetu.

Anayeanza kujifunza hukimbilia herufi za viwanda vilivyopiga sarafu: H ya Heaton, KN ya Kings Norton, zote za Birmingham; miaka ya vita, SA ya Pretoria na I ya Bombay. Sawa, azijue. Herufi haiponyi sarafu iliyosuguliwa.

Anayejua huanza na tundu. Huiinamisha sarafu dirishani, kamwe si chini ya taa, akachungulia ukuta wa ndani. Shaba iliyojizeekea haina rangi moja: kahawia iliyokolea katikati ya herufi, hafifu kidogo mgongoni mwa pembe na juu ya taji palipopitiwa na vidole, na ndani ya tundu giza lililotulia. Aliyesugua kwa Brasso, au kwa ndimu na majivu, aliishia usoni. Kitambaa hakiingii tunduni. Uso wa waridi, koo jeusi: sarafu hiyo imeshauawa. Ukingo wa tundu nao una ushahidi wake. Zamani watu walizitunga kwa uzi, na iliyosafiri hivyo mara nyingi tundu lake limelainika upande mmoja kuliko mwingine. Ulaini huo ni uzuri, na asiyekubali akakusanye stempu.

Walaghai nao wamesoma. Mmoja wa katikati ya jiji alikuwa akisugua sarafu mpaka ndani kwa kijiti cha meno, kisha akizikaanga zirudi kuwa kahawia. Mzee aliyemkamata hakuhitaji hata lenzi. Alizipanga kumi mezani, akauliza imekuwaje senti za makopo kumi zikapata rangi moja, ndani na nje.

Uadimu wenyewe uko 1920. Mwaka huo rupia ilipisha florini ya senti 100. Muda si mrefu florini nayo ikapisha shilingi, nusu ya thamani yake, nayo ya senti 100. Senti za florini zikawa na thamani maradufu ya zile mpya zenye jina lilelile, zikaondolewa, nyingi zikayeyushwa. Senti kumi ya mwaka huo ni ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, nyeupe, wala si ya kahawia. Hata ikiwa imechakaa mpaka pembe zinasomeka kwa shida, wakusanyaji wataigombania, mradi hakuna aliyeipitishia ndimu.