Muziki Uliobaki Ghalani

Ni bidhaa chache katika biashara ya muziki zenye wenyewe wengi kama albamu ya muziki wa filamu. Kwa kawaida studio iliyotengeneza filamu ndiyo inayomiliki utunzi, kwa sababu mtunzi aliajiriwa na kulipwa ili auandike. Kampuni ya santuri huenda ikamiliki rekodi. Wanamuziki wa orkestra wana stahiki yao kila mara rekodi inapopewa matumizi mapya. Na mwigizaji ambaye sura yake itachapwa kwenye jalada huenda naye akahitaji kuombwa ridhaa. Anayewakutanisha watu hawa wote ni mtayarishaji wa albamu za kumbukumbu, yaani mtu anayezitafuta kanda za zamani, akazisafisha, akazipanga na kuziombea leseni ili zifike kwa msikilizaji. Kazi yake haina jukwaa wala makofi, lakini ni ufundi kamili, na wakusanyaji wa muziki huu wanajua kwamba bila yeye sehemu kubwa ya utunzi wa orkestra wa karne ya 20 ingekuwa imesikika mara moja tu, ikiwa imefunikwa na milio ya risasi na mazungumzo ya wahusika.

Muziki unaozungumzwa hapa ni ule uliotungwa mahsusi kwa filamu fulani, ukapimwa kwa sekunde ili uingie pale mlango unapofunguliwa na kunyamaza pale mhusika anapoanza kusema. Huandikwa vipande vipande, kimoja kikiwa cha dakika nne na kingine cha sekunde ishirini, na hurekodiwa orkestra ikipiga huku kiongozi wake akifuatisha picha. Max Steiner alipotungia filamu ya King Kong mwaka 1933 alionyesha kwamba muziki wa namna hiyo unaweza kubeba nusu ya hadithi, lakini hapakuwa na albamu iliyoandamana na filamu hiyo. Santuri za muziki wa filamu ziliposhika soko baadaye, mnunuzi alitaka kitu cha kusikiliza sebuleni, na mahitaji ya sebule hayakufanana na mahitaji ya sinema.

Mfano ulio karibu na msomaji wa Afrika Mashariki ni Hatari!, filamu ya Howard Hawks iliyopigwa Tanganyika, katika maeneo ya Arusha, ikatolewa mwaka 1962 ikiwa na muziki wa Henry Mancini. Kipande chake kiitwacho Baby Elephant Walk kilienea duniani kote, na hadi leo wapo wanaokipiga mluzi bila kujua kwamba kilitungwa kwa ajili ya picha za watoto wa tembo wanaopelekwa kuoga. Walionunua santuri yake waliamini kwamba wanasikia sauti ileile waliyoisikia sinemani, ilhali Mancini alikuwa na desturi ya kurudi studio na kuirekodia kampuni ya RCA Victor albamu nyingine, yenye mpangilio uliolainishwa kwa ajili ya msikilizaji wa nyumbani. Rekodi halisi za filamu, pamoja na muziki wa hekaheka na mashaka ambao haukuonekana kufaa sebuleni, zilibaki katika hifadhi za studio ya Paramount. Ilichukua karibu nusu karne kabla ya Intrada, kampuni ndogo ya California, kuzitoa, na ndipo ilipodhihirika jinsi Mancini, aliyezoeleka kuwa mtunzi wa nyimbo za kupendeza, alivyokuwa bingwa wa kuandika hofu.

Lawama nyingi za wakusanyaji zimeangukia chama cha wanamuziki wa Marekani na Kanada, American Federation of Musicians. Mikataba ya chama hicho inataka kwamba rekodi iliyofanywa kwa ajili ya filamu ikigeuzwa kuwa albamu, kila mwanamuziki aliyepiga siku ile alipwe tena, na malipo hayo yaliongezeka kadiri dakika za albamu zilivyoongezeka. Hii ndiyo sababu albamu nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zilizorekodiwa Los Angeles ziliishia kwenye dakika thelathini hivi, hata pale filamu ilipokuwa na muziki wa zaidi ya saa moja na diski ilipokuwa na nafasi tele. Rekodi za London hazikubanwa na masharti hayo. Muziki wa John Williams kwa Star Wars, uliopigwa na London Symphony Orchestra mwaka 1977, ulitoka moja kwa moja kwenye santuri mbili. Hata hivyo, lawama hizo hazina haki. Mpiga viola aliyekaa safu ya nyuma hakuwa na jina kwenye jalada wala fungu katika mauzo ya tiketi, na malipo hayo ndiyo njia pekee iliyomkumbusha mwenye mali kwamba sauti anayoiuza ilitoka kwenye mikono ya watu. Lililofaa kufanywa ni kupatana juu ya kiwango, na ndilo lililofanyika hatimaye: chama kilikubali viwango nafuu kwa matoleo ya nakala chache, na kutokana na makubaliano hayo yakachipuka matoleo ya nakala 1,000 au 3,000 ambayo yameyaokoa mamia ya albamu.

Ugomvi uliowaumiza wakusanyaji kuliko mwingine wowote, hata hivyo, haukuwahusu wanamuziki hata kidogo. Mwaka 1954 RCA Victor iliandaa santuri ya The Caine Mutiny, filamu ya studio ya Columbia iliyotokana na riwaya ya Herman Wouk. Upande wa kwanza uliwekwa muziki wa Max Steiner, na upande wa pili yakawekwa mazungumzo ya kesi ya mahakama ya kijeshi, ambayo ndiyo kilele cha hadithi, kama yalivyosikika katika filamu. Wouk alikuwa amekwisha kuigeuza kesi hiyohiyo kuwa tamthilia, nayo ilikuwa ikionyeshwa Broadway tangu Januari mwaka huo. Akaona kwamba santuri ingeuza kwa bei ndogo kile ambacho watazamaji walikuwa wakikilipia jukwaani. Alimlalamikia Harry Cohn, mkuu wa Columbia, akatishia kutoiuzia studio hiyo kazi yake nyingine yoyote, na santuri ikaondolewa kabla ya kuingia sokoni. Nakala chache mno ziliponea, na leo ni miongoni mwa santuri za filamu zinazotafutwa kuliko zote duniani.

Wouk alikuwa na haki ya kulinda maneno yake. Kinachohuzunisha ni kwamba hakuna aliyekuwa na malalamiko juu ya muziki, na bado muziki ulizama pamoja na mazungumzo kwa kuwa vilichongwa kwenye sahani moja. Miaka ishirini hivi baadaye kiongozi wa orkestra Charles Gerhardt aliirekodi upya machi ya filamu hiyo mjini London, ndani ya mfululizo wake wa muziki wa filamu za zamani, lakini machi moja si albamu. Hapa ndipo ufundi wa mtayarishaji unapoonekana waziwazi: kuzitambua haki zilizofungamana, kuzitenganisha mapema, na kuhakikisha kwamba kosa la upande mmoja haliuzamishi upande mwingine.

Hata leseni ikipatikana, huenda kisiwepo cha kutoa. Baada ya studio ya MGM kubadilisha wenyewe mwaka 1969, maktaba yake ya noti za orkestra ilitupwa, na kazi za miongo minne zikaishia kufukia mashimo ya taka. Wanaotaka kuzipiga tena leo hulazimika kuzijenga upya kwa kusikiliza filamu na kutazama muhtasari wa noti zilizosalia. Kanda nazo zina maradhi yake. Filamu ya sumaku iliyotengenezwa kwa asetati, aina ya plastiki iliyotumika sana katikati ya karne iliyopita, huanza kuoza taratibu na kutoa harufu kali ya siki, kisha husinyaa hadi matundu ya pembeni, yale yanayoshikwa na meno ya mashine, yakakosa kulingana na meno hayo. Fundi anayefungua kopo la namna hiyo anajua kwa pua yake, kabla hajaona chochote, kwamba huenda akapata nafasi moja tu ya kuipitisha kanda mashineni.

Wakati mwingine ghala hutoa zawadi ambayo hakuna aliyeitarajia. Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, studio ya 20th Century Fox ilirekodi orkestra kwa maikrofoni zaidi ya moja, nyingine karibu na nyingine mbali, kila moja ikiandika sauti kwenye ukanda wake, ili mafundi wapate uwiano mzuri wakati wa kuchanganya sauti ya njia moja. Nusu karne baadaye ilibainika kwamba kanda hizo zikioanishwa hutoa stereo ya kweli. Kuzioanisha ni kazi ya subira kubwa, kwani ukanda mmoja ukiutangulia mwingine kwa sehemu ndogo ya sekunde sauti huanza kupepea na vinanda hupoteza mwili wake, na fundi hulazimika kurudi mwanzo na kuzisogeza hadi zitulie. Kwa njia hiyo muziki wa Bernard Herrmann kwa The Day the Earth Stood Still, wa mwaka 1951, ulitolewa mwaka 1993 chini ya usimamizi wa Nick Redman, na msikilizaji akaweza kuzisikia theremini, ala za umeme zinazopigwa bila kuguswa, zikitoka mahali pake halisi ndani ya ukumbi.

Sheria nayo imeongeza mafundo. Rekodi za Marekani zilizofanywa kabla ya Februari 15, 1972 ziliachwa kwa miaka mingi chini ya sheria za majimbo, hadi sheria ya shirikisho ya mwaka 2018 ilipozipa utaratibu mmoja, ilhali katika nchi za Ulaya ulinzi wa rekodi ulikwisha baada ya miaka 50 kabla ya kuongezwa hadi 70. Kwa hiyo wachapishaji wa Ulaya waliweza kutoa santuri za miaka ya 1950 bila kumwuliza mtu, na mara nyingi walinakili tu diski ya zamani, mikwaruzo na yote. Mkusanyaji makini huziacha, kwa sababu asiyeomba ruhusa hafunguliwi ghala, na kanda mama haziko penginepo.

Subira inayotakiwa katika kazi hii ina kipimo chake katika kisa cha mtunzi Alex North, aliyeitungia filamu ya Stanley Kubrick, 2001: A Space Odyssey, akiwa mgonjwa kiasi cha kupelekwa studio kwa gari la wagonjwa, kisha akagundua kwenye maonyesho ya kwanza ya mwaka 1968 kwamba hakuna noti yake hata moja iliyotumika. North alifariki mwaka 1991. Miaka miwili baadaye rafiki yake Jerry Goldsmith aliurekodi upya muziki huo London, na wengi wakadhani kwamba hiyo ndiyo nakala pekee itakayopatikana. Lakini rekodi ya mwaka 1968, ambayo North mwenyewe alisimamia upigaji wake, ilikuwa ingali salama kwenye kanda za njia moja, na mwaka 2007 Intrada ikaitoa kwa ridhaa ya familia yake.